Mkono wa Nestori

Hospitalini, Tanga
Februari, 1975

Kwako kaka mkubwa Tharsisi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimekuacha. Mama je, bado anakwenda kanisani bila kushikwa mkono? Shemeji Winifrida na watoto wanaendeleaje? Sijui kama mmeshahamia kijiji kipya au mngali kwenye nyumba ya Baba, kwa hiyo nimeamua kuipitisha barua kwa mapadre wa Kabanga. Kanisa najua halikuhamishwa. Mimi mwili ni mzima. Nimechoka tu, na moyo hautulii, na utanisamehe mwandiko, maana benchi hili ni jembamba na watu wanapita na ndoo.

Kaka, kabla hujasoma mbele: Nestori yu hai. Nimeliandika hapa juu kwa sababu najua habari zinavyosafiri. Yule Khatibu mwenye duka pale Kasulu ana shemeji yake Pangani, na madereva wa malori wanapeleka maneno pamoja na magunia. Pwani hapa wanasimulia kwamba Muha mmoja amechukuliwa na samaki. Kama maneno hayo yamemfikia Mama, acha kusoma, nenda ukamwambie mtoto wake wa mwisho yu hai. Kisha rudi usome, maana yaliyobaki si ya kumsomea yeye.

Nestori ameumia mkono wa kulia. Ameumia vibaya. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini sina budi kuanzia kwenye samaki, vinginevyo hutaelewa.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kama ni kweli kwamba huku kuna watu wanaovua kwa kucheza. Ulisema mlibishana na wenzako mkinywa, na wewe ukasema Stanislaus ameanza uongo wa pwani. Si uongo, kaka. Wanatoka Dar es Salaam na Nairobi, wengine ni wahandisi wa barabara, wengine ni mabwana wa zamani wa mkonge. Wanapanda boti ya injini asubuhi wakiwa wamejipaka mafuta usoni, wanavuka mwamba hadi kwenye maji mazito, na boti inakokota chambo nyuma yake polepole. Mgeni anakaa kwenye kiti kilichofungwa kwa misumari mikubwa, amejifunga mkanda, ameshika fimbo yenye kigurudumu cha mshipi. Samaki akila, mgeni anashindana naye mpaka jasho linamwingia machoni. Akimfikisha karibu, kama ni sulisuli, yule samaki mwenye tanga mgongoni na mdomo kama mkuki, mara nyingi wanamtoa ndoana wanamwachia aende zake. Halafu wanapeana mikono na kufungua bia. Siku ya kwanza kuona hayo nilidhani mgeni amepatwa na jua kichwani. Nahodha wetu, mzee Abdalah, aliniambia nisishangae, kwamba huyo samaki ataliwa na maneno: mgeni atamsimulia mpaka azeeke, na kila mwaka samaki ataongezeka urefu.

Mwaka huu samaki wamekuja. Kaskazi imevuma vizuri, si ya kusumbua, na kwa kuwa huko bara mvua zilikuwa haba, mto haukuleta tope. Maji nje ya mwamba ni safi, samaki anakiona chambo kutoka mbali. Tangu Krismasi wanapata nguru wakubwa karibu kila wanapotoka, jodari pia, na kolekole wale wenye kichwa kama cha kondoo dume. Siku za bamvua, maji yanapokimbia sana, ndipo wale wakubwa wenye pembe wanapita, nduwaro, ambao mmoja wao angejaza lile pagala la Baba toka mlango hadi ukuta. Kazi yangu ni ya nchi kavu. Nakata ngisi na vibua vya chambo, naosha boti, navuta samaki juu ya nguzo ya mizani wapigwe picha na mgeni. Nanuka, kaka. Huku hakuna mtu wa kwetu wa kunikataza nisikaribie maziwa kwa sababu ya harufu ya samaki, lakini na maziwa yenyewe hakuna.

Ni kazi nyepesi kuliko mkonge. Mkonge ulipopunguza watu, mimi na Nestori tuliondoka pamoja, na ni mimi niliyemwombea nafasi pale Pangani kwenye klabu ya wavuvi. Yeye ni kijana, hana haya ya kuuliza, na mzee Abdalah akampenda. Alikuwa akimtania kutwa. Alimwambia watu wa milimani huogopa hata maji ya kuoga, sasa huyu amekuja kuoga kwa Mungu moja kwa moja. Nestori naye akamjibu kwamba watu wa pwani wamekaa na bahari tangu Adamu na bado hawajaweza kuifundisha kukaa kimya. Wakacheka. Mwezi wa pili tangu aingie, mzee akamchukua kwenye boti awe mtu wa nyuma, yule anayeupokea mshipi samaki akishafika.

Hapo ndipo penye jambo, kaka, kwa hiyo soma taratibu. Mwisho wa mshipi wanafunga kipande cha waya, ili samaki asiutafune. Mgeni akishamvuta samaki hadi karibu na boti, fimbo haiwezi tena. Mtu wa nyuma anavaa glavu, anaukamata ule waya kwa mkono, anamsogeza samaki ubavuni. Mzee Abdalah alimfundisha Nestori mbele yangu, pale ufukweni, kwa kipande cha waya kilichofungwa kwenye nguzo. Alimwambia ashike kwa ngumi, na ngumi hiyo iwe tayari kufunguka wakati wowote. Samaki akitaka kwenda, mwache aende, mgeni atamvuta tena, hiyo ndiyo starehe yake aliyoilipia. Akamwambia asiuzungushe waya mkononi hata kidogo. Nestori akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Lakini wewe unajua sisi tulivyolelewa. Unakumbuka Baba alivyotufundisha kumpeleka fahali mnadani. Kamba inazungushwa kwenye kifundo cha mkono mara mbili, na unaegemea nyuma. Baba alisema fahali akikuvuta ukamwachia siku moja, hatakutii tena maisha yake yote, na watu watakucheka njia nzima hadi Heru. Mkono unajua hayo kabla ya kichwa. Mimi mwenyewe nikiwa nafunga boti, nimejikuta nimezungusha kamba mkononi bila kuwaza.

Siku ile alikuwepo mgeni mmoja mhandisi, mtu mpole. Walikuta nduwaro. Alipigana naye tangu jua likiwa upande mpaka likawa utosini, na mwishoni samaki akaja juu amelala ubavu kama aliyekufa. Nestori akaupokea waya. Mzee Abdalah anasema kwa muda aliushika sawasawa, kwa ngumi. Kisha samaki akatikisa kichwa kidogo tu, na mzee akamwona Nestori amezungusha mkono, mara moja, mara mbili, na ameegemea nyuma, amekanyaga ukingo wa boti kwa mguu, vile vile kama mtu aliye na fahali. Mzee akapiga kelele. Samaki akaamka.

Nestori hakuangukia majini. Hilo wanalosimulia madereva si kweli. Alitupwa kifudifudi juu ya ukingo, mkono ukiwa umenyooka ndani ya maji, na mzee Abdalah akamrukia miguuni huku akiukata waya kwa koleo. Mgeni alitupa fimbo yake ya thamani baharini ili aje kumshika. Njia nzima ya kurudi aliupakata mkono wa Nestori mapajani, shati lake likalowa damu, na hakumtaja samaki hata mara moja. Nakuambia hili ili usije ukawaza kwamba walimtupa.

Waya ulikuwa umeingia kwenye kifundo hadi mfupani. Wakamshona kwenye zahanati, na siku za mwanzo tulidhani yamekwisha. Nestori alikuwa akiwaonyesha watu bandeji na kusema yule samaki naye anasimulia huko alikokwenda. Kisha vidole vikaanza kuwa vya baridi. Vikawa vyeusi. Harufu ikaja, na homa juu yake. Ndipo yule mhandisi akatubeba kwa gari lake hadi hapa Tanga.

Daktari ni Mtanzania mwenzetu, hana maneno mengi. Alisema mkono umekufa na kifo kinapanda. Akikata sasa, atakata chini ya kiwiko. Tukichelewa, atakata juu ya kiwiko. Tukichelewa tena, hatakuwa na cha kukata. Akamgeukia Nestori amuulize kama anakubali.

Nestori akakataa.

Hakukataa kwa hasira. Alisema yeye ni mtoto wa mwisho, Baba hayupo, na jambo la kumkata mtu wa nyumba yetu ni la Tharsisi. Tharsisi akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, basi atakwenda na mkono wake alikokwenda Baba. Daktari alimweleza kwamba mkono ni wake yeye. Nestori akamwambia kwa heshima kwamba huko kwa daktari labda ni hivyo.

Daktari alipotoka, Nestori akaniambia lililo moyoni, kwa Kiha, ili wagonjwa wengine wasisikie. Anamwaza mchumba wake Immakulata. Anamwaza zaidi baba yake, mzee Niyibizi kule Mabamba. Aliniuliza atamwamkiaje mkwe wake. Mtu anaingia uani kwa wakwe, anainama, anapiga makofi taratibu, anangoja aitikiwe. Atapiga makofi na nini? Atapokeaje kibuyu kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, kama mtu asiyefunzwa? Akasema mzee Niyibizi hatamtukana, atamwangalia tu, kisha atamwambia binti yake arudi ndani. Nilimjibu kwamba wapo watu wasio na mikono na wanaamkia. Akaniambia nimtajie mmoja.

Basi nikaenda posta nikakupelekea simu ya maandishi, kupitia Kasulu. Niliandika kwamba Nestori anakufa kwa mkono, daktari anataka kukata, sema ndiyo au hapana. Sijui kama ilikufikia. Nilikuwa nakwenda pale posta asubuhi inapofunguliwa na tena kabla haijafungwa, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kutoka mbali nisipate shida ya kupanga foleni. Nilijua labda mko njiani na vyombo vichwani mnahamia kijiji kipya, na karatasi yangu imelala mezani kwa mtu asiyejua mlikohamia. Sikulaumu. Ila kila niliporudi wodini bila jibu, daktari alikuwa ameuchora mkono kwa wino wa buluu kuonyesha weusi umefika wapi, na mistari ya nyuma ilikuwa inabaki chini.

Kule klabuni nako wameniita. Msimamizi alituma mtu kuniambia bamvua hii wageni ni wengi, kuna mashindano, nguzo ya mizani haina mtu, na nisipokwenda ataweka mwingine. Mjumbe alisimama palepale kitandani akanieleza wamepata nguru wangapi na jodari wangapi, kama vile hiyo ingenifurahisha. Nestori ndiye aliyemuuliza chambo gani. Mimi nilimwambia amweke huyo mwingine.

Mzee Abdalah alikuja pia, na mkate wa kumimina ndani ya kitambaa. Alikaa na Nestori bila utani. Kwenye mlango akaniambia kwamba huyu mtoto akifa, yeye hatashika usukani tena. Kisha akasema neno lililonikaa: wewe si ndugu yake mkubwa? Nikamwambia ninaye mkubwa wangu. Akaniangalia, akasema, yuko wapi?

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu hautaki kuandika.

Kaka, nilikwenda kwa Nestori nikamwambia jibu lako limekuja. Nilimwambia Tharsisi amesema wakate.

Halikuja. Hukusema. Unajua kwetu mtu hasemi kwa jina la mkubwa asipotumwa. Baba alimfukuza mtu uani kwa kosa dogo kuliko hilo. Mimi nimekaa kwenye kiti chako ungali hai, na nimelitumia jina lako kumwondolea mtu kiungo cha mwili. Nilifikiri kumlazimisha, nikaona hata watu wanne wasingemshika. Nilifikiri kungoja siku moja zaidi, nikautazama ule wino. Uongo ndio uliobaki peke yake. Na lililoniumiza ni kwamba hakuomba kuiona karatasi. Anajua kusoma kuliko mimi, kaka, angeweza kusema nionyeshe. Alifumba macho kidogo, akasema, basi. Akamwita nesi yeye mwenyewe.

Walimwingiza leo asubuhi. Mimi nikakaa kwenye benchi hili nikaanza kukuandikia, ili nisiwe nautazama mlango. Nilipofika kwenye habari za samaki wakanifungulia wakasema amerudi wodini, nimwone. Nikaiacha barua, nikaenda, kisha nikarudi kuimalizia. Daktari anasema amekata mahali pasafi, chini ya kiwiko kama alivyotaka. Homa bado ipo. Anasema tumngojee, ila amesema hivyo akiwa anavua glavu bila haraka, na mimi nimejipa moyo kwa hilo.

Nestori alikuwa ameamka, midomo imekauka. Hakuuliza mkono. Aliuliza ulisema nini hasa. Alitaka maneno yenyewe, yote, kama yalivyokuja. Kaka, sikuwa nimeyaandaa. Nilikuwa nimekwisha kudanganya mara moja na nilidhani imetosha. Nikafungua mdomo na yakatoka haya, nakuandikia kama nilivyomwambia, usipunguze wala usiongeze: mwambieni huyo mpumbavu aache ubishi. Mimi nilimtuma pwani akatafute ng'ombe wa kuolea, sikumtuma akafie kiganja. Wakate haraka, arudi nyumbani, na huko kwa Niyibizi nitamtangulia mimi.

Alicheka, kaka. Kicheko kidogo, kikamuumiza, akashika mbavu kwa mkono uliobaki. Akasema, ni yeye kabisa, yaani anamtukana mtu mpaka kwa simu. Kisha akalala.

Kwa hiyo hayo ndiyo maneno yako. Nakuomba uyachukue. Akipona atakuja huko, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kukushukuru, nawe utakuwa unasikia shukrani ya neno ambalo hukulisema. Ukimwambia hukulisema, atajua mkono wake umeondoka bila ruhusa ya mtu, na sijui ataishi vipi na hilo. Adhabu yangu niwekee. Nitakuja kuipokea uani, mbele ya wazee ukitaka, na sitajitetea. Ila kwanza nenda Mabamba, umtangulie kama ulivyosema.

Nisalimie Mama, umwambie Nestori anacheka. Msalimie shemeji Winifrida na watoto, na wote wanaoniulizia huko mlikohamia. Nikipata nauli ya kumleta nitamleta mwenyewe, na usiponikuta kwenye gari, ujue nimebaki kwa sababu nakuogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Stanislaus